Hapa Nini Inakosa?

Likasi tulizoea kupimwa. Wanaume wa kampani walipimwa mapafu, mawe ya machimbo yalipimwa shaba, na unga katika soko la Kikula ulipimwa kwa meka, lile kopo la bati ambalo kila mama muuzaji alilibonyeza kidogo chini ili lisijae sana. Watoto wa shule ya kampani walipimwa akili. Kila mwaka, mvua zikikaribia kwisha, mzee mmoja alikuja kutoka Lubumbashi na sanduku lake, akakaa ofisini kwa mkuu wa shule siku mbili tatu, akawaita mmoja mmoja watoto ambao sisi walimu tulikuwa tumewaandika. Watoto walimwita Muzee wa Akili. Sisi pia tulimwita hivyo, ila si mbele yake.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nitaandika Kiswahili cha vitabu kadiri ninavyokiweza, lakini wenzangu nitawaacha waseme kama walivyosema, kwa sababu habari hii yote imo ndani ya namna tunavyosema. Asiyekipenda Kiswahili chetu cha Katanga afunge kitabu sasa hivi. Hatutagombana.

Miaka ile kampani ilikuwa inakufa huku tunaiangalia. Maduka yalishavunjwa, na waliovunja maduka hawakuisahau shule: walianza na vioo vya madirisha, wakaja madawati, mwisho hata bawaba za milango zikaondoka. Watoto wangu walikaa juu ya matofali na madebe. Mimi niliandika ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu, maana chaki ilikuwa hadithi. Watoto sitini na mmoja, chumba kimoja, na mvua ikipiga dirishani tulisogea wote upande wa pili, tukaendelea na hesabu. Mtu asinionee huruma. Nilikuwa nafundisha, na nilikuwa nafundisha vizuri, au hivyo ndivyo nilivyojisifu.

Zamani kupimwa akili kulikuwa na maana. Mtoto akishindwa na mtihani wa Muzee, alihamia darasa dogo mwishoni mwa uwanja, classe spéciale, watoto kumi tu na mwalimu wao. Mwalimu yule alikuwa mtu mpole kuliko sisi wote. Aliwafundisha herufi kwa udongo wa mfinyanzi, kila mtoto anaifinyanga herufi yake, anaigusa macho yakiwa yamefungwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili wengi walirudi kwetu wakiwa wanasoma. Kisha ikaja ile siku watu wa kabila lake, ambao wazee wao waliletwa na kampani kutoka mkoa mwingine, walipoambiwa kwamba hapa si kwao, hata waliozaliwa hapa. Wakapelekwa stesheni na magodoro yao, wakangoja treni majuma kwa majuma, na yeye alikuwa kati yao. Mimi sikufungua mdomo. Nilimpelekea sufuria ya ugali mara moja, nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Ninaliandika hapa kwa sababu yaliyofuata yalitoka hapo.

Chumba chake kilitiwa kufuli. Mkuu wa shule akatuambia, "Tutapata mwalimu mwingine, mungoje." Hakupatikana. Lakini Muzee wa Akili aliendelea kuja. Yaani darasa la kuwasaidia watoto lilikufa, na mtihani wa kuwatoa kwetu ukabaki mzima! Mtoto aliyeshindwa sasa alikuwa haendi popote. Alikwenda nyumbani.

Binti ninayemzungumzia alikuwa na miaka tisa. Mama yake aliuza unga Kikula. Baba yake alikuwa mtu wa usine, kiwanda cha kampani, ambaye usine haikumwita tena, amelala nyumbani akiangalia dari. Binti alikuwa mtoto wa heshima, akipokea kitu anapokea kwa mikono miwili, akisemeshwa na mkubwa anaangalia chini. Hakuwa anasoma. Hadithi ya kitabu aliishika yote kichwani kwa kumsikiliza jirani yake, akaisema bila kosa, kidole kikitembea juu ya mistari isiyo yenyewe. Herufi mbili zenye tumbo, b na d, zilimchanganya kabisa. Nilimwandika kwenye orodha ya Muzee kwa nia njema. Nilifikiri mzee akiandika kwamba mtoto huyu anahitaji msaada, basi itabidi msaada utafutwe. Eh, mjinga mimi!

Mtihani ulifanyika Jumatatu. Muzee aliuliza kwa Kifaransa, ndivyo kanuni ilivyosema, na mtoto asipoelewa mwalimu wake alitafsiri. Nilisimama nyuma ya binti. Mezani palikuwa na kadi zenye picha zilizochorwa Ulaya, na kila picha ilikuwa imepungukiwa na kitu: kiti cha miguu mitatu, kuku wa mguu mmoja, mwanamume wa mkono mmoja, mwanamke asiye na mdomo. Mtoto alitakiwa aseme ni kitu gani hakipo. Hata mtoto wa miaka mitano anaweza.

Muzee aliweka kadi ya kiti, akauliza. Binti hakuelewa. Muzee akanitazama. Nikainama, nikasema wazi kabisa, kwa sauti yangu ya darasani:

"Angalia muzuri. Hapa, nini inakosa?"

Binti akaangalia kiti, akaangalia chini. "Hakuna, Madame."

Kadi ya kuku. "Hapa, nini inakosa?"

"Hakuna. Haikukosa."

Kadi ya mwanamume wa mkono mmoja. Muzee alibonyeza saa yake, nami nikauliza tena. Binti akasema, polepole lakini bila kusita, "Huyu baba hakukosa, Madame."

Kwa mwanamke asiye na mdomo alilia tu. Muzee aliandika sifuri, sifuri, sifuri, akafunga sanduku. Mimi nilikuwa nimeona haya. Nilijisemea, kumbe mtoto huyu kweli hana kitu kichwani, nimemfundisha mwaka mzima bure. Nilitia sahihi yangu chini ya ile ya Muzee kama shahidi wa tafsiri.

Jumatano karatasi ilisomwa. Haelimishiki katika darasa la kawaida. Apelekwe classe spéciale. Muhuri ulikuwa umeshapigwa tangu Lubumbashi, fomu moja kwa kila mtoto wa orodha. Mama yake aliitwa, akaja na vumbi la unga mpaka kwenye kope, akasimama mbele ya mkuu wa shule akasikiliza. Aliuliza swali moja tu: hiyo classe spéciale iko wapi? Mkuu akamwonyesha kufuli kwa kidole. Mama akasema, "Bon. Jumamosi kamyo ya Kapolowe inaondoka. Atakwenda kulima na nkambo yake." Kamyo ni lori, nkambo ni bibi. Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuambiwa mabaya makubwa kuliko hayo mwaka huo. Kapolowe kwa bibi hakukuwa na shule iliyofunguliwa. Mtoto angeshika jembe, na ingeishia hapo.

Alhamisi binti alikuja bado, maana hakuna aliyemkataza kumalizia juma. Baada ya mapumziko niliingia darasani nikakuta ghasia: kibao cha kuandikia cha mtoto mmoja kimevunjika vipande viwili, watoto wanne wamesimama, kila mmoja anamsonta mwenzake. Nikachukua fimbo yangu juu ya meza. Nikauliza kama nilivyouliza kila siku ya Mungu, miaka sita mfululizo:

"Hapa, nani anakosa?"

Na yule binti, ambaye hakuwa hata karibu na kibao, akasimama akaangalia chini akasema, "Hakuna mwenye anakosa, Madame. Huyu hakukosa."

Sauti ileile, maneno yaleyale. Fimbo ilinitoka mkononi.

Mnaona? Katika Kiswahili, kukosa ni kupungukiwa, na kukosa pia ni kufanya kosa. Mtu mwenye nafasi ya kufikiri hatachanganya. Lakini katika darasa langu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Nikisema "hapa nani anakosa," atakayetajwa ananyoosha vidole na kuchapwa. Kati ya "nani" na "nini" kuna herufi moja tu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sauti yangu ya fimbo. Mtoto yule hakuona picha ya kitu kilichopungua. Aliona kiti, kuku, na baba wa watu aliyekwisha kupoteza mkono, na mwalimu wake anamtaka amtaje mwenye kosa. Akakataa kuwasaliti. Mara nne aliulizwa na watu wazima wawili wenye saa na kalamu, mara nne hakumtaja mtu. Mimi stesheni sikuweza kukataa hata mara moja.

Niliwatuma watoto nje. Nilikaa juu ya debe la binti na kulia kwa aibu, halafu hasira ikaja, na hasira ndiyo iliyonifaa.

Mkuu wa shule nilimkuta analima. Uwanja wa mpira aliugeuza shamba la mahindi, na saa za alasiri ilibidi umwongeleshe akiwa ameinama. Nilimweleza yote. Hakuinuka.

"Madame, unataka kufundisha Muzee wa Akili kazi yake?"

"Ninataka arudie swali moja, Monsieur. Moja tu. Neno ilikuwa ya minye, haikukuwa ya mutoto."

"Karatasi iko na muhuri. Weye mwenyewe ulitia sahihi."

"Ndiyo. Nilitia sahihi ju ya bongo."

Hapo aliinuka. Minye kwetu ni mimi, bongo ni uongo, na mwalimu halitumii neno hilo kwa karatasi ya shule. Akaniambia nirudi nyumbani nikapike, tena nisimletee kelele wakati mji mzima unaanguka. Nikamwambia mji unaweza kuanguka bila msaada wangu. Akarudi kwenye mahindi yake.

Ijumaa asubuhi niliwapa watoto kunakili ubaoni, nikamwachia jirani yangu wa darasa la nne aangalie vyumba viwili, nikaenda misheni ambako Muzee alilala akingoja gari la kumrudisha Lubumbashi. Nilimkuta amefua shati lake, anangoja likauke, amevaa koti juu ya fulana. Alinikaribisha kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya awe mbaya ili habari inoge. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba mtihani haurudiwi kabla ya mwaka kupita, kwamba mtoto hukumbuka, na kwamba neno moja haliwezi kubadilisha akili ya mtu.

Sijui shetani gani alinisukuma. Nikajinyoosha, nikapiga meza yake kwa kiganja, nikanguruma kwa sauti ile ya darasani:

"Hapa! Nani anakosa?"

Mikono ya mzee wa watu ilikimbilia mifukoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, na diploma, na miwani, na vidole vyote kumi vilikuwa vimejificha kabla hajajua amefanya nini. Alisomea hukuhuku, kwa watu walewale wa fimbo. Tukatazamana. Kwanza alikasirika, nikaona. Halafu akaitoa mikono polepole, akaiangalia, akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Mama yangu we," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Tangu zamani sana, na bado inauma."

Akavaa shati bichi. Tukaenda.

Hatukuingia ofisini. Tulimkalisha binti chini ya ukingo wa paa, nyuma ya chumba cha kufuli, juu ya tofali, na Muzee akakaa juu ya sanduku lake mwenyewe. Nilimwomba aulize yeye, mimi nikae mbali, mikono mitupu. Akaweka kadi ya kiti juu ya magoti yake, akasema kwa upole, "Mama, uone hii. Kintu gani haiko?"

"Mukulu moja," binti akajibu papo hapo. Mguu mmoja.

Kuku: mukulu. Mwanamume: mukono. Mwanamke: kinywa, "na tena hana na masikio, ao ni kitambaa inafunika?" Muzee akaisogeza kadi karibu na miwani yake kuhakikisha. Kadi zikaendelea, binti akaanza kuinua macho. Tulipofika kwenye picha ya taa juu ya meza, akasema, "Courant."

Muzee akaangalia kitabu chake cha majibu. "Hapa banaandika asema kintu yenye haiko ni waya."

"Waya inaweza kuwa," binti akasema, "lakini courant haiko."

Nilicheka kwa nguvu, nikafunga mdomo. Umeme Kikula ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Muzee akafikiri kidogo, akamwandikia alama.

Sasa nisidanganye. Binti hakuwa malaika aliyefichwa. Muzee alimpa pia maneno ya kusoma, na huko alianguka kama alivyoanguka kwangu mwaka mzima; b zikawa d, mistari ikamkimbia. Mzee alijumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Akaniambia kwamba mtoto ana akili kama watoto wote, kusoma ndiko kunakomsumbua, na kwamba mtoto wa namna hii asipopata mtu wa kukaa naye herufi kwa herufi atapotea. Akaandika karatasi ya pili: abaki darasani, asaidiwe.

Alipokuwa anafunga kalamu aliniuliza, bila kuniangalia, "Na ule binti wa mwaka jana, mwenye tuliambia angoje ku nyumba. Yeye tulimuuliza na neno gani?"

Siku ile nilikuwa na mtoto mmoja wa kuokoa na kamyo moja ya kuwahi. Nilichukua karatasi nikaondoka, lakini swali lake nililibeba.

Mkuu wa shule aliikataa karatasi. Haina muhuri, akasema, na muhuri ulikuwa Lubumbashi ndani ya kabati. Mtoto mmoja hawezi kuwa na karatasi mbili. Nikamuuliza, basi mtoto mmoja anaweza kuwa na mwalimu? Akanifungia mlango, mlango wenyewe hauna bawaba, ukaangukia ndani. Ningecheka kama isingekuwa Ijumaa jioni.

Jumamosi nilifika Kikula kabla soko halijajaa. Kamyo ilikuwa imeshapakia magunia ya chumvi, na binti alikuwa ameketi juu kabisa na kifurushi chake magotini. Mama yake alikuwa chini anabishana na konvoyeri, yule kijana wa kupanga mizigo. Aliponiona alikunja uso.

"Madame, unafwata nini tena?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani. Yote yalikimbia. Nikasema mbele ya wauza unga na wauza chumvi na abiria wote, "Mama, minakuja kuomba samahani. Mutoto yako hakushindwa. Minye njo nilimuuliza mubaya. Iko na akili, tulimupima tena jana. Ninaomba umushushe."

Njo kwetu ni ndiye au ndiyo; nilikuwa nimejitaja mwenyewe. Akauliza namna gani nilimuuliza vibaya. Nikamweleza, na fimbo nikaitaja, sikuificha. Wanawake waliacha kupima. Mama yule alinisikiliza na mikono kiunoni, na nilipomaliza akalipuka.

"Kumbe! Kumbe weye njo ulikosa! Siku tatu sikukula, Madame! Siku tatu minauliza Yesu nilikosa nini mpaka anipatie mutoto bila akili. Baba yake anasema ni upande ya jamaa yangu. Na kumbe ni fimbo yako!"

"Ni fimbo yangu, mama."

"Na karatasi mupya, directeur anaikubali?"

"Hapana."

"Alors unataka nimushushe ju ya nini?"

"Ju atakuwa mu darasa yangu Jumatatu. Directeur ao hapana directeur."

Alinipima kwa macho toka viatuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwani. Nimepimwa mara nyingi maishani, ila kipimo kile ndicho nilichokiogopa.

"Na fimbo?"

"Sitamupiga."

"Sikusema yeye tu."

Nilikuwa na watoto sitini na mmoja, nami sikujua njia nyingine ya kuwanyamazisha. Nikasema, "Sitapiga muntu."

Akageuka. "Konvoyeri! Shusha ule mutoto! Haraka, unaangalia nini?"

Jumatatu niliingia darasani nikimshika mkono. Kabla hatujamaliza sala, mkuu wa shule alikuwa mlangoni, jembe bado mkononi, akaniita nje. Nikakataa kutoka. Nikamwambia aseme palepale, watoto wasikie.

"Madame, ule mutoto hayuko kwa liste. Atoke yeye ao utoke weye."

Basi nilimjibu, na nilimjibu kwa utulivu ambao mpaka leo unanishangaza. "Nitatoka. Unionyeshe tu muntu mwenye atashika darasa hii. Mulete, nimupatie muhogo ya kuandikia."

Aliwaangalia watoto juu ya matofali yao, mmoja baada ya mwingine, na dirisha lisilo na kioo. Hakukuwa na mtu Likasi nzima aliyeitaka kazi ile. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yangu yote, na niliitumia yote. Mkuu alipiga jembe sakafuni mara moja kuondoa udongo, akaenda zake. Hakuja tena kwa habari hiyo. Jina la binti lilibaki nje ya orodha mpaka mwisho wa mwaka, na binti alibaki ndani.

Udongo wa mfinyanzi niliuchota mwenyewe mtoni. Kila siku watoto wakitoka nilikaa naye nusu saa. B ina tumbo mbele, d ina tumbo nyuma, finyanga, gusa, funga macho. Nilikuwa naiba kazi ya mtu aliyeondolewa mjini, na nilimwomba radhi kimoyomoyo kila nilipolowesha ule udongo. Kuwanyamazisha watoto bila fimbo nako kulinitoa jasho; juma la kwanza walinipanda kichwani kabisa. Binti alirudia darasa la tatu. Sikuona aibu, hakuona aibu, mama yake alileta meka mbili za unga zilizojaa hadi juu. Mwaka wa pili, kabla ya mvua kwisha, alisoma ukurasa mzima kwa sauti, kidole kikiwa mahali pake. Alichukua muda mrefu. Wenzake walingoja.

Siku ile ndipo nilipokosa pa kukimbilia swali la Muzee. Yule binti wa mwaka uliotangulia mtihani ule, tulimuuliza kwa neno gani? Nilijua. Nilijua tangu alipouliza.

Nilimtafuta wakati wa kiangazi. Jamaa zake walikuwa wamehamia Kambove, kwa shangazi, karibu na machimbo ya zamani. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, amerefuka, anauza viazi vitamu vya kuchemsha kando ya barabara ya wachimbaji. Alinitambua. Alisimama akaficha mikono nyuma. Nikamwambia sikuja na kitu, nikamwonyesha viganja vyangu, akakaa tena polepole. Kambove nzima ilipita mbele yetu na mifuko ya mawe.

Nikachukua kijiti, nikachora chini, katika vumbi, kiti cha miguu mitatu. Nikamuuliza, "Kintu gani haiko?"

Akajibu kabla sijamaliza kusema. Nikachora kuku, akajibu. Nikachora mtu wa mkono mmoja, akajibu, halafu akaukanyaga mchoro kidogo kwa kidole cha mguu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Madame," akasema, "njo hiyo tu mulikuwa munaniuliza?"

"Njo hiyo tu," nikamjibu.